Moshi Kwenye Bomba la Mvua

Rue du Moulin, 27,
Sainte-Odile,
New Brunswick.

22 Aprili 2017

Mpendwa Shangazi Ginette,

Shikamoo, tena iwe ndefu ya kutosha kuvuka nchi nzima mpaka ikufikie huko Alberta. Mgongo unaendeleaje? Bado unalala sakafuni, au yule daktari mpya amekupatia dawa ya maana? Na Loïc, masikio yake yamepona? Mwambie nimeweka zile kadi zake za hoki mahali pakavu, na siku hizi huku mahali pakavu ni pa kutafuta.

Sisi ni wazima. Mama bado anafua nguo za hospitali, anarudi amechoka lakini anacheka. Baba ni mzima. Mimi nami ni mzima, ila tangu Jumanne chakula hakinipiti vizuri. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningesema "ndiyo, Shangazi" na "hapana, Shangazi" halafu ningempa Mama. Unanijua.

Theluji imeyeyuka. Sijui kama huko mbali unakumbuka mji wetu unavyonuka theluji ikiyeyuka. Kila kitu ambacho watu walikiacha nje tangu Novemba kimerudi juu kikiwa kimelowa: mavi ya mbwa (samahani, lakini ndiyo yamejaa njia nzima ya kanisani), glavu mojamoja, mti wa Krismasi wa akina Plourde ukiwa na mapambo yake, na paka ambaye hakuna anayetaka kusema alikuwa wa nani. Asubuhi naenda shule nimefunika pua na skafu, watu wanadhani naona baridi.

Wiki iliyopita walifungulia mabomba ya zimamoto kusafisha njia za maji. Maji ya jikoni yakatoka na rangi ya chai. Mama alisahau, akafua nguo nyeupe siku hiyohiyo. Shati langu la kwaya sasa linafanana na kitu kilichotapikwa, na Jumapili nimelivaa hivyohivyo.

Wala haikuwa kwamba hatukukumbushwa. Wa kutukumbusha ni Baba mwenyewe! Tangu alipochaguliwa kwenye baraza la mji ndiye anayeandika kile kijarida cha mji kinachotoka kila mwezi majira ya kuchipua, chenye vikumbusho vya nyumbani. Mapipa yasitolewe kabla ya jioni. Majani makavu yasichomwe. Mbwa wafungwe, na wenye mbwa wabebe mifuko. Anaandika kwa Kifaransa, mimi nageuza kwa Kiingereza, maana Kiingereza cha Baba kinaanza na kwisha kwenye hoki. Bila lugha zote mbili kijarida hakitoki, ndiyo sheria. Mwanzoni niliona fahari. Nilikaa naye mezani, ananisomea, nami naandika, na kwa mtu kama mimi kukaa hivyo bila kulazimika kuongea ilikuwa raha.

Mwaka huu aliongeza kikumbusho kimoja. Wakaazi wanaokaanga vyakula vya kuuza wanakumbushwa kwamba mafuta yao huziba bomba la majitaka la mtaa na kuwaletea majirani uchafu. Jina hakutaja. Lakini Rue du Moulin nzima ina karai moja tu, Shangazi, na unajua ni la nani.

Bibi Alphéda Cyr bado anakaa ile nyumba ya mwisho, kule mtaa unapoteremka. Bado anakaanga maandazi ya kusokotwa kwa ajili ya kifungua kinywa cha parokia mwezi wa tano, na yanayobaki anauza. Tangu mzee wake afariki hana kingine cha kumsogeza mpaka majira ya baridi yanayofuata. Karai lake, unga wake, friji lake la kugandishia, vyote viko chumba cha chini. Na kila theluji inapoyeyuka, chumba hicho kinajaa majitaka. Mwaka huu yameingia zaidi ya mara moja. Nilikwenda kumsaidia kuyasukuma nje. Sitakueleza yote. Nitasema tu kwamba karatasi za chooni zilikuwa zinaelea karibu na magunia ya unga, na kwamba alikuwa ameng'ang'ania kunishika mkono nisiteleze, yeye, na miaka yake yote ile.

Baba akaeneza habari kwamba ni mafuta yake mwenyewe yanayomrudia. Watu wakaitikia. Baraza litapiga kura Jumatatu hii inayokuja, kama akatazwe kukaanga au la. Nami ile sentensi niliigeuza kwa Kiingereza, vizuri kabisa, na nukta zake, huku nikishuku si kweli. Kwa sababu kila nilipokuwa bafuni usiku wa mvua nilikuwa nasikia pampu yetu ya kunyonya maji ya chumba cha chini inavyonguruma, na sikuwahi kuona maji yake yakitoka nje popote.

Jumanne ikawa siku ya moshi. Nayo ilikuwa kwenye kijarida: mwaga jagi la maji kwenye kila tundu la kutolea maji sakafuni, usiogope ukiona moshi mweupe, hauna madhara. Wanausukuma kwa mashine ndani ya bomba la majitaka. Kwenye paa la kila nyumba unatoka kidogo kupitia bomba la hewa la choo, na hiyo ni sawa. Ukitokea kwingine, basi kuna mtu ameunganisha maji ya mvua au pampu yake mahali pasipotakiwa, na maji hayo yakizidi, majitaka yanamrudia aliye chini kuliko wote.

Shule ilifungwa siku hiyo, walimu walikuwa na mkutano. Asubuhi Baba alipanda kutoka chumba cha chini mikono ya shati imelowa mpaka kwenye kiwiko. Nikamsalimia, akaniambia nikavae koti.

Mafundi walitoka kusini, hawakujua Kifaransa hata cha salamu. Mkubwa wao ni mwanamke anaitwa Patsy, ana kofia nyekundu na kikohozi. Wazee wote wa mtaa walitoka na vikombe vyao vya kahawa kama vile ni maandamano ya sikukuu. Mashine ikanguruma. Paa moja likatoa kamoshi, la pili, la tatu, vizuri. Kwa Bibi Alphéda kamoshi kadogo tu kama wengine. Halafu nyumba yetu.

Shangazi, lile bomba la mvua linaloteremka kutoka paani, alilofunga Babu, lilianza kufuka. Kisha moshi ukapanda, ukajaa kwenye mfereji wote wa paa, ukawa unaning'inia kama ndevu nyeupe mbele ya nyumba nzima. Mzee Lucien Plourde akapiga kelele:

"Réjean! Leo unatupikia chapati za ploye?"

Watu wakacheka. Baba akasema, "Funga kinywa chako, Lucien. Ni upepo unauleta kutoka kule chini."

"Upepo gani, mwanangu?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bibi Alphéda, amesimama barabarani na gambuti zake. "Bendera ya kanisa imelala."

Patsy akaanza kuuliza kwa Kiingereza nani anaweza kumtafsiria. Nikarudi nyuma ya gari la mafundi, lakini wapi. "Mtoto wa Réjean! Yule asiyesema! Huyo anasoma lugha zote mbili, msogezeni!" Wakanisukuma mbele, mikono yao mgongoni mwangu, mpaka nikawa katikati ya Patsy na Baba.

Patsy akaniuliza polepole, kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, kwenye nyumba hiyo kuna pampu kule chini? Maji yake yanakwenda wapi?"

Baba alijua anauliza nini. Akaniambia kwa Kifaransa, mbele ya mtaa mzima, "Mwambie bomba la mvua ni kosa la babu yako, nitalikata leo. Pampu hakuna."

"Baba..."

"Hakuna. Neno moja tu, Mylène. Hata hilo linakushinda?"

Wote walisikia. Hakuna aliyekuwa pale asiyejua Kifaransa isipokuwa mafundi. Nikamtazama Mzee Plourde, akaangalia ndani ya kikombe chake. Nikawatazama wengine, wakawa wanatafuta kitu kwenye mawingu. Baadaye nilielewa: nyumba mbili zaidi zina pampu kama yetu, na ya Mzee Plourde ni mojawapo. Lakini wakati ule niliona tu watu waliocheka dakika hiyohiyo, na sasa hakuna hata mmoja mwenye ulimi. Hicho ndicho kinachonipa kichefuchefu mpaka leo, kuliko yale yaliyokuwa yanaelea.

Nilitaka kulia. Nilitaka kujikojolea, kusema kweli. Nikaangalia chini, na nilichokiona ni gambuti za Bibi Alphéda, zina mstari wa uchafu ukizunguka kifundo cha mguu, pale maji yalipofikia. Nikamwambia Patsy kwa Kiingereza, "Pampu ipo. Imeungwa kwenye bomba la mtaa." Kisha nikarudia kwa Kifaransa, ili mtu asije akasema baadaye kwamba hakuelewa. Sauti ilitoka kama ya panya, lakini ilitoka.

Patsy aliingia nasi chini. Bomba la pampu lilikuwa limezibwa kwa taulo. Taulo langu, Shangazi, la kijani, la timu ya kuogelea. Alipolivuta lilitoka jeusi, linachuruzika, na moshi ukajaa chumba cha kufulia. Baba akanitazama katika moshi ule akasema, "Umefurahi sasa?" Tangu hapo hajaniambia jingine.

Alasiri walipitisha kamera ndani ya bomba la mtaa mpaka mbele ya Bibi Alphéda. Hakuna mafuta. Kuna maji tu, ya kwetu na ya wale wengine wawili, yanayoteremka kwa pamoja mpaka kwake. Patsy alinionyesha kwenye kioo ili nimtafsirie. Bibi Alphéda alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema asante, akarudi kusugua sakafu.

Labda unadhani basi yamekwisha. Nami nilidhani hivyo.

Jana Bibi Alphéda alikuja mlangoni na mfuko wa karatasi. Kama kila mwaka, maandazi ya kwanza ya karai ni ya majirani. Aliyefungua ni Baba. "Yana moto, Réjean. Mbakishie mtoto," akamwambia. Baba akapokea, akafunga mlango. Akala matatu wima, kwenye sinki, mpaka sukari ikaganda kwenye masharubu, akapangusa mikono kwenye suruali. Kisha akakaa mezani kuandika kijarida cha mwezi wa tano. Kile kikumbusho cha mafuta bado kimo, neno kwa neno. Nilipokitazama akasema na ukuta, wala si na mimi, "Mafuta ni mafuta."

Nimekataa kukigeuza. Kimelala pale mezani kwa Kifaransa peke yake, hakiwezi kutoka. Mama anasema nimwache, atapoa. Mimi siwezi hata kukaa meza moja naye. Nakula ngazini. Ananikinaisha anavyotafuna, anavyopumua, na naona vibaya kusema hivyo kuhusu Baba yangu, lakini wewe umeniambia tangu nikiwa mdogo kwamba kwako nisifiche.

Nimtendee haki naye: pampu ameihamisha. Amepitisha mpira dirishani, maji yanamwagika kwenye nyasi zake za mbele, zile anazozitunza kuliko sisi. Sasa ni ziwa. Bata wawili wamehamia. Leo asubuhi alisimama na reki anawatazama, hakuwafukuza. Sijui alikuwa anafikiria nini.

Ombi langu ni hili. Mpigie simu kesho baada ya misa, kabla ya kura ya Jumatatu; barua hii naipiga picha na kukutumia kwa simu leo hii, maana posta isingewahi. Wewe ni dada yake mkubwa, ni wewe tu unayemwita Ti-Ré na akakaa kimya. Usimgombeze, akigombezwa anapata pa kujificha. Usiseme hata kwamba nimekuandikia. Muulize kama mto umejaa, muulize nyasi. Halafu muulize kama maandazi ya Bibi Alphéda mwaka huu yalikuwa matamu. Akisema ndiyo, usiongeze neno. Shika simu, unyamaze, umwache asikie alichosema.

Mimi ninajua kimya kinavyoweza kumbana mtu. Ndicho nilichokaa nacho miaka yote.

Nisalimie Loïc na mama mkwe wako, na yule mbwa wenu kiziwi. Mama anakukumbatia. Bibi Alphéda anauliza kama bado unasuka nywele kama alivyokufundisha. Mungu akunyooshee mgongo, aikaushe mitaa yetu, na akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye sana kutoka huku ngazini,

Mylène