Wimbi Lililozunguka Kushoto

4 Februari

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mama kaniambia siku hizi ngazi za dishi letu la kunasa mawimbi ya angani unazipanda kwa vituo. Mimi mzima wa afya, ila chakula hakipiti kwa furaha.

Unaijua ile milipuko ya redio ninayoisoma, inayotoka mbali kupita nyota zetu zote na kupotea kabla hujapepesa jicho. Hakuna ajuaye inazaliwa na nini. Sasa sikia: wimbi lake huja likitikisika upande fulani, na likipita penye sumaku, upande huo huzunguka. Mzunguko huo ndio unaotuambia limetokea mazingira gani. Mlipuko wangu siku zote ulizunguka kulia. Novemba, kwa wiki tatu, ukazunguka kushoto! Sumaku ya huko imegeuka, Mjomba. Basi kinacholipuka ni nyota mfu inayoizunguka nyota nyingine. Nikitangaza hili, nafasi ya kudumu hapa chuoni ni yangu.

Wenzangu wanataka tusubiri, vifaa vikaguliwe upya. Nimewaambia fundi wa dishi ni mjomba wangu, aliyenilea tangu baba afariki. Neno lake linatosha. Nijibu tu: Novemba kuna kilichoguswa kwenye kipokezi? Daftari la matengenezo halina kitu.

Mpwa wako

11 Februari

Kwa Profesa wangu,

Marahaba, mama. Magoti ni ya mzee, na mdomo wa mama yako hauna breki. Barua yako niliisoma kwa sauti karakanani, mpaka mlinzi akauliza nani kashinda uchaguzi.

Hakuna kilichoguswa. Andika, mwanangu, usiwasikilize waoga. Julai nastaafu, nataka niondoke nikiitwa mjomba wa mtu mashuhuri.

Mjomba wako

20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumai mzima. Mimi si mzima.

Makala ilitoka Aprili, nikawa malkia kwa wiki mbili. Kisha kituo kingine chenye dishi kama letu kikatoa vipimo vyake vya Novemba ileile. Mlipuko uleule, siku zilezile: wao kulia, sisi kushoto. Kipokezi chetu kina kebo mbili, moja ya mtikisiko wa wima, nyingine wa mlalo. Zikichomekwa kinyume, kulia kunasomeka kushoto. Mwisho wa Juni naitwa kujieleza mbele ya kamati.

Nakuuliza tena, na safari hii usinitanie.

Mpwa wako

9 Juni

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimechana barua nne kabla ya hii.

Novemba nilifunga kebo mpya, za zamani zilikuwa zimeoza. Miwani niliiacha chini, nikaona uvivu kushuka kuifuata, nikakisia rangi za kebo. Baada ya wiki tatu nikaligundua kosa, nikazichomeka inavyotakiwa, sikuandika. Kutoandika kosa la kipokezi ni kufukuzwa, na mafao huoni. Ulipouliza nilijua kabisa kebo zile hufanya nini. Nikaogopa. Mzee mzima nikamdanganya mtoto niliyemlea.

Maji yamemwagika. Ukinitaja sitakulaumu. Lakini nimebakiza wiki tatu tu, mama.

Mjomba wako

30 Juni

Mjomba,

Jana nilijieleza. Waliniuliza kama nilimuuliza fundi kabla ya kutangaza. Nikasema sikumuuliza, wenzangu niliwatajia mjomba kwa majivuno tu.

Wameandika kwamba nilikimbilia sifa bila kukagua vifaa. Makala imefutwa, na nafasi kapewa mmoja wa wale wenzangu waliotaka tusubiri. Alikuja kunipa pole. Alikuwa na huruma ya kweli, nikamchukia.

Kuchanganya kebo ningekusamehe siku ileile, mbona hata mimi nasahau miwani. Lakini nilikuuliza kwa maandishi, ukajua, ukaniambia niandike. Ulinisukuma mwenyewe, na mkono wako ndio niliokuwa nimeushika.

Usidhani nimekuficha kwa mapenzi. Mama alipoisoma barua yako alipiga magoti jikoni kwangu, mtu mzima yule, akanishika miguu. Hana ndugu mwingine, akasema. Nimemfanyia yeye.

Keshokutwa wanakuaga kazini. Nitakuja na kukaa karibu na mama. Mkuu wa kituo akisema kwa miaka thelathini na moja kazi yako haikuwahi kumponza mtu, nitapiga makofi pamoja na wengine. Usije kwenye meza yetu kunisalimia.

Mtoto wa dada yako