Kanga Isiyofuliwa

Jumatatu, 3 Machi

Kikombe hakijafika hata robo. Nimekamua titi mara tatu tangu asubuhi, nyuma ya pazia la chumba cha ukaguzi, mpaka vidole vinauma. Haba na haba hujaza kibaba, sawa. Changu kina tundu.

Wiki ya tatu tangu nirudi kazini. Nakagua wanawake kwenye geti la mtambo wa kuchenjulia dhahabu, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Natafuta mchanga wa dhahabu wa watu kwenye mapindo ya sketi. Sheria inanipa saa mbili kila siku za kwenda kunyonyesha. Msimamizi anaijua sheria vizuri. Hana tu mtu wa kunishikia geti, maana mkaguzi mwenzangu wa kike yuko zamu ya usiku.

Kabula ana miezi mitatu na siku kidogo. Mchana anabaki na mayu, mama mkwe wangu, aliyetoka Tinde kuja kutusaidia. Baba Kabula yuko mashimoni upande wa Geita mpaka mwisho wa mwezi.

Jioni Kabula kanyonya dakika mbili, kageuza uso. Imeniuma.

Jumanne, 4 Machi

Kliniki. Mwenzangu wa usiku kanishikia geti mpaka saa tano.

Mwezi uliopita kilo tano na nusu. Leo kilo tano na nusu. Mstari kwenye kadi ulikuwa unapanda, sasa umelala. Muuguzi akauliza kama mtoto ananyonya tu, nikasema ananyonya tu. Akanieleza kwamba maziwa hayaji kwa chakula peke yake, yanakuja kwa kuombwa. Mtoto akinyonya zaidi, mwili unatengeneza zaidi. Nikiwa kazini nikamue kila baada ya saa tatu, hata kama ni matone. Usiku nisimnyime. Maji bado, uji bado, maziwa ya ng'ombe bado, mpaka afike miezi sita.

Turudi tarehe 18. Asipoongezeka, anatuandikia barua ya hospitali ya wilaya.

Nimemwambia mayu yote. Akajibu, "Ee." Ee ya mayu ina vyumba vingi, sijui nimekaribishwa kipi.

Alhamisi, 6 Machi

Nakula kama dume la kunenepeshwa. Alfajiri uji wa ulezi na karanga. Mchana supu ya kongoro. Jioni mlenda na ugali wa mtama. Katikati, chai ya pilipili manga. Mama lishe wa nje ya geti kanipa mbegu za maboga, anasema amekuza mapacha kwa hizo. Maji sijui lita ngapi.

Matokeo: naenda chooni kila nusu saa. Kikombe ni kile kile.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimekaguliwa mimi.

Kanuni ni kwamba hakuna chombo kinachotoka ndani bila kuchunguzwa, maana dhahabu huzama popote. Chombo changu ni chupa ya chai yenye barafu, na humo kikombe cha maziwa chenye mfuniko. Mlinzi wa kiume, mtu ninayekunywa naye chai kila siku, akafungua, akamulika tochi, akasema lazima ayachuje. Akayachuja kwa chujio la chai. Nusu ikapita kwenye vidole vyake ikaenda chini.

Mkuki kwa nguruwe. Wiki hii hii nimewavua watu vilemba bila kuwaangalia usoni. Najua. Bado nimelia kwenye bodaboda njia nzima, na dereva akaongeza mwendo kwa woga.

Jumapili, 9 Machi

Mapumziko. Nimejua.

Asubuhi mayu alitoka na Kabula kwenda kumsalimia jirani. Waliporudi nikampokea mtoto, akacheua begani kwangu. Harufu ya ng'ombe. Yangu hayanuki hivyo. Nikaenda jikoni, nyuma ya ndoo ya unga nikakuta chupa ya maziwa mabichi na kijiko. Kumbe kila jioni ananikataa kwa sababu ameshiba. Anakataa, titi linanyamaza, kesho yake linatoa kidogo zaidi, mayu anaongeza kijiko. Na mimi nilimwambia muuguzi ananyonya tu.

Nimempigia kelele mama mkwe. Sikuwahi. Hakujificha wala hakuomba radhi.

"Mama Kabula, kikombe unachotuachia kinaisha saa tatu asubuhi. Kuanzia saa nne mtoto analia. Nimwangalie tu?"

Swali hilo ndilo limeniudhi kuliko chupa.

Anataka ampeleke Kabula Tinde. Kule ng'ombe ni wa nyumbani, na yeye amekuza saba. Nikampigia simu baba Kabula. Akasema tuelewane, simu ikakata, au aliikata.

Tumeelewana hivi. Mpaka tarehe 18 hakuna kijiko cha ng'ombe. Mayu atamleta getini kila siku saa sita kwa bodaboda, anyonye. Uzito ukiwa haujapanda, Kabula anaenda Tinde. Nimekubali kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Saa sita walifika. Msimamizi kanipa nusu saa. Nimenyonyeshea kwenye benchi la mama lishe, wachimbaji wakala wali wao wakitazama barabarani kwa adabu. Kabula alikuwa na njaa kweli, akavuta mpaka nikahisi mgongoni. Vizuri.

Lakini kukamua, bure. Saa tatu nilibana meno nikawaza tarehe 18. Matone. Saa tisa nikawaza Tinde. Hata matone hakuna. Mayu alikiona kikombe jioni, akakiosha.

Jumanne, 11 Machi

Hali ile ile. Nikiwa nakula, mayu akaja akakaa karibu, akaanza habari za ng'ombe wao mmoja. Alifiwa na ndama, akagoma kuachia maziwa. Ukimshika chuchu anapiga teke. Baba mkwe akaichuna ngozi ya ndama, akaijaza majani makavu, akaipaka chumvi, akaisimamisha mbele yake. Ng'ombe akailamba. Akaachia.

"Alijua si ndama," mayu akasema. "Ng'ombe si mjinga. Lakini harufu ni ya mwanawe."

Mimi mtu wa Morogoro, ng'ombe namjua akiwa sufuriani. Nilichosikia ni kwamba mimi ng'ombe na mwanangu ndama mfu. Nimeondoka mezani bila kusema asante.

Jumatano, 12 Machi

Saa tatu nimefungua mkoba. Chini ya chupa ya chai kuna mfuko wa nailoni ambao si wangu. Ndani, kanga ya njano ya Kabula, ile anayofungwa akilala. Haijafuliwa. Nikadhani mayu amekosea, alitaka kuipeleka bombani. Nikaisogeza puani kuona kama ina mkojo.

Ina mkojo kidogo. Ina cheuo. Ina lile jasho la shingoni kwake.

Yakashuka. Sijashika hata kikombe. Yamelowesha sare mpaka mkandani. Nikaweka kanga begani, nikakamua kwa mikono miwili, nikawa nacheka peke yangu. Mwanamke aliyekuwa nje akagonga kuuliza kama aingie akaguliwe au kuna sherehe.

Nusu kikombe. Saa tisa, nusu nyingine.

Jioni nilimwonea mayu aibu. Nilimwekea kikombe mezani. Akakitazama. "Ee." Kisha akaniletea maji ya kuoga ya moto, kitu ambacho mkwe hamfanyii mkwe.

Nikamwomba radhi nikiwa bafuni, kwa sauti, mlango umefungwa. Nilisikia anasonya, halafu anacheka.

Ijumaa, 14 Machi

Mlinzi akataka kukagua tena. Nikamwambia anawe kwa sabuni kwanza, mbele yangu. Akanawa. Halafu akakutana na mfuko wa kanga, akaufungua, akaingiza pua kabisa. Ameufunga haraka. Kikombe amekimulika tu kwa tochi.

Kabula siku hizi jioni hanigeuzii uso. Anakunja ngumi, anavuta, anapumzika, anavuta. Usiku ananiamsha mara nne. Nachoka vibaya. Sijui kama inatosha.

Jumanne, 18 Machi

Sikula asubuhi. Mayu alisema atakuja nami kliniki, akavaa gauni lake la kanisani. Tukakaa kwenye benchi. Nilikuwa nimeshaamua kwamba ikishindikana nitafungasha nguo za mtoto mwenyewe, sitamwachia mtu.

Kabula aliingizwa kwenye mfuko wa mizani akapiga mateke, mshale ukawa unacheza. Muuguzi akasubiri utulie. Kilo tano na gramu mia tisa.

Mayu akauliza ngapi. Akatajiwa. Akauliza tena. Muuguzi akachora nukta, akaiunganisha na ya nyuma kwa mstari unaopanda. Nikakaa chini pale pale kwenye saruji.

Njiani kurudi mayu akamshika Kabula muda wote. Tulipokaribia nyumbani akaniambia, kama anaongelea mvua, kwamba Tinde walikuwa wamekwisha kumtengea mtoto ng'ombe mmoja, na yeye alikuwa amesafisha chumba. Nilikuwa nimefurahi sana, sikujua niiweke wapi habari hiyo.

Jumapili, 23 Machi

Mayu ameondoka asubuhi. Palizi ya mpunga haisubiri. Wifi yangu Minza alifika jana, yeye ndiye atakayekaa na Kabula. Nimemwonyesha kikombe, kijiko, na jinsi ya kumleta getini saa sita.

Kapu la mayu nililipanga mimi. Sukari, sabuni, dagaa wa Mwanza, kitambaa cha gauni. Yeye alikuwa uani, amembeba Kabula mgongoni mara ya mwisho, anazunguka zunguka bila kazi. Kanga ya njano nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, mbali na dagaa, nikaiweka chini kabisa. Sijaifua. Sikumwambia.

Saa kumi akapiga simu kwamba amefika. Akauliza kama mtoto amenyonya. Nikasema amenyonya, matiti yote mawili. Nikasikia nailoni ikichakarika.

"Ee," akasema.

Kesho zamu. Kabula nimemfunga kanga ya kijani, alale nayo.