Papa Alimpima Mchumba Wangu Goti

Mpendwa Mama Marcienne,

Salamu mingi kutoka Nakivale, naomba unisaidie mbio na jina langu usiliandike gazetini, kwa sababu ndoa yangu inakufa na mwenye kuiua ni papa yangu mwenyewe na raporteri ya shule.

Mama, papa alianguka na bodaboda njia ya Kaberebere, bega la kuume likaumia, wakamutuma Mbarara kwa kine, yule munganga wa kunyoosha viungo, dada mumoja mupole anaitwa Kanyange, na huyo dada akamupima bega na kachombo ka plastiki kenye mikono mbili, kanaonyesha kiungo kinajikunja mpaka wapi, na ukutani kulikuwa picha ya mutu na namba kwa kila kiungo, goti mia moja thelathini na tano, kiwiko mia moja hamsini, basi papa akapenda ile kazi kupita dawa. Kurudi nyumbani akachukua raporteri ya mudogo wangu, ile ya kupimia kona kwa hesabu, na tangu pale hakuna mutu anaingia kwetu bila kupimwa. Jirani anakuja kuomba chumvi, anaambiwa kwanza kunja kiwiko. Koko yangu, mama ya papa, alipimwa shingo akiwa anasali rozari. Hata mbuzi alipimwa, akamupiga papa teke, nikasema asante Mungu, sasa itaisha. Haikuisha!

Muchumba wangu Nicodème, anashona nguo Kaberebere, akaleta bazazi bake tuongee mambo ya dot, ile mahari, tumepika samaki, sombe na fufu, bashangazi bake bamevaa vitenge vipya, mara katikati ya mazungumuzo papa anasimama, anasema binti yangu halishwi na mutu wa magoti mabovu, kijana, lala hapo. Unajua kwetu, mukwe hawezi kumukatalia papa mukwe. Nicodème akalala juu ya mukeka na kostimu yake, akakunja muguu mpaka mwisho, papa akaona mukono wake haufiki kumushikilia, akamuita mama, eti njoo ushike kisigino. Kisigino cha mukwe! Kwetu mama mukwe hata mukono hamupi mukwe wake, ni haya, basi mama akatupa sahani akakimbilia jikoni, bashangazi bakalia Yesu Maria, na mimi, nisamehe, nilicheka mpaka machozi. Papa akasoma: arobaini na tano! Akasema kwa kine ni mia moja thelathini na tano, huyu goti lake limekufa zaidi ya nusu, mpaka lipone hakuna ndoa. Wageni bakaenda bila kula.

Sasa Nicodème anachuchumaa kila asubuhi nyuma ya cherehani, ananiuliza kama labda imefika hamsini. Na goti halijawahi kumuuma, anacheza mpira! Papa amekuwa mukali, Mbarara haendi tena, anasema kine amemaliza kumufundisha, mama ndiye anamufungia vifungo vya shati, na mimi nimechoka. Nguo zangu ziko kwa mufuko. Nataka kwenda kwa Nicodème bila dot, bila baraka. Niende ao nibaki?

N., Nakivale

Binti yangu N.,

Jina lako nimelificha. La mchumba umelitaja mwenyewe bila kuulizwa, na baba anayepima mbuzi hapo Nakivale sidhani kama wako wawili. Gazeti hili ukimaliza kulisoma, lifungie maandazi.

Kwanza, ulicheka! Mwanaume amelala chini na suti yake, wakwe wanamtafutia kosa gotini, na wewe unayeolewa unacheka. Mimi pia nimecheka, lakini mimi siolewi naye. Pika chakula kingine, uwapelekee shangazi zake, uwaombe radhi.

Pili, hilo goti. Nimempigia mtaalamu wa viungo ninayemfahamu hapa Ruti, akacheka hadi simu ikamponyoka. Kine anaanza kuhesabu mguu ukiwa umenyooka, hapo ni sifuri, halafu anahesabu umekunjika kiasi gani. Papa yako alipima nafasi iliyobaki nyuma ya goti. Itazame raporteri: ina safu mbili za namba, na penye arobaini na tano, safu ya pili inasema mia moja thelathini na tano. Goti la Nicodème ni zima kabisa! Mwambie aache kuchuchumaa, watu wanasubiri nguo zao. Tena kadiri anavyozidi kukunjika, namba ya papa yako inazidi kushuka. Akiendelea hivyo, mpaka Krismasi ataambiwa hana goti.

Tatu, huo mfuko ufungue. Ukienda kwa Nicodème kimyakimya, papa yako atasema hata Nicodème mwenyewe alijua goti lake lina kasoro, ndiyo maana hakurudi kuomba baraka.

Ila kuna jambo umelipita mbio. Papa amewapima wote, na yeye je, nani amempima tangu aache kwenda Mbarara? Mtu asiyeweza kufunga vifungo vyake, ambaye mkono wake haukufika kwenye kisigino, bega lake limekakamaa na anajua. Anaogopa kuisikia namba yake, ndiyo maana anahangaika na za wengine. Nimemwonea huruma, na wewe usimcheke tena. Bega likiachwa hivyo, kulirudisha ni kazi kubwa.

Sasa fanya hivi. Usimwambie kwamba alisoma vibaya, atakupima ulimi. Mpigie Kanyange umweleze. Kisha Nicodème aje aseme, "Papa, twende Mbarara kine anipime tena mbele yako." Kwa hamu ya kumshinda mkwe, atatangulia barabarani. Kanyange akimaliza goti, atageukia bega, na papa hatakuwa na pa kukimbilia.

Papa akikataa kwenda, subiri mpaka mbaki wawili tu, wewe na yeye. Mwambie, "Papa, siku nikitoka hapa nyumbani nitasimama mbele yako, na nataka unibariki, mkono wako wa kuume juu ya kichwa changu. Utafika?" Halafu umwache ajaribu.