Kutoka Kona Hadi Kona

Dada mpendwa,

Salamu tele zikufikie wewe, shemeji na wanao. Kifua chako kimetulia? Sisi tunapumua tu. Uzima upo, amani ndiyo iliyotutoroka.

Baba mdogo ameanza tena madai yake. Unakumbuka baba alipofariki, kiwanja kiligawanywa nusu kwa nusu kati yake na mama. Yule mpimaji wa kuokoteza alichukua wastani wa pande zinazotazamana, akazidisha, akapata mita za mraba mia sita na kumi na sita. Akamkatia mama nusu yake, mita mia tatu na nane, upande wa barabarani, baba mdogo akaambiwa achukue kilichobaki. Tangu hapo analalamika kwamba amepunjwa, nasi tunamcheka.

Safari hii hakuja na matusi. Alisema mbele ya mama kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu na ni mwanawe. Nipime mwenyewe, na nitakachosema atakikubali hata kikimuuma. Mama akafurahi, akanihimiza.

Dada, kiwanja kile kimelala upande, kona zake hazikunyooka. Pande nne peke yake hazisemi ukubwa wake. Lazima upime kutoka kona hadi kona, upate pembetatu mbili, kila moja uipigie hesabu yake. Pacha wangu aling'ang'ania kunisaidia. Nilimsukuma hadi kona ya nyuma, akaukanyaga utepe kwa gurudumu la kiti chake. Nikasoma mita arobaini na mbili. Jumla ikaja mia tano sitini na moja. Nikarudia na kurudia, kalamu ikiteleza kwa jasho.

Maana yake mama amezidishiwa mita za mraba ishirini na saba na nusu. Na pale mpakani, wewe mwenyewe unajua, ndipo kilipo chumba cha pacha wangu, kile tulichojenga baada ya ajali, chenye mlango mpana na choo anachokifikia bila kubebwa na mtu.

Nilimweleza mama jikoni. Aliacha kukatakata vitunguu, akaniomba nipunguze kidogo hiyo ziada, kwani utepe hauna mdomo. Sikumwambia kwamba uongo huo nilikuwa nimeshaupigia hesabu: nikisema kona hadi kona ni thelathini na saba badala ya arobaini na mbili, jumla inapanda na kurudi karibu kabisa na ile ya zamani.

Dada, nakwambia wewe tu. Niliingia sebuleni nikiwa na thelathini na saba mdomoni. Baba mdogo akauliza, "Haya, Mwalimu, imesomaje?" Kabla sijajibu, pacha wangu akasema, "Arobaini na mbili, baba mdogo. Utepe nilishika mimi."

Kwa kipimo hicho jumla haikufichika tena. Baba mdogo alitazama kile kiti, akatazama sakafu, kisha akasema haki yake si sadaka. Mafundi wanakuja Jumatatu kubomoa.

Nakusihi uje. Baba mdogo anakusikiliza wewe peke yako. Hata akitupa muda tu wa kujenga kwingine, nitashukuru. Pacha anatania kwamba sebuleni atakuwa karibu na chai, lakini nimemkuta akipapasa ukuta wa chumba chake kama anayeaga.

Mama hanisemeshi. Alikuwa jikoni, hakusikia. Anadhani aliyetaja arobaini na mbili ni mimi. Nimemwacha adhani hivyo. Nawe ukija, usimwambie.

Wabusu watoto, msalimie shemeji. Mungu akufikishe salama.

Mdogo wako,
Mwalimu