Kundi Lako Halikabidhiwi, Fundi Subiri

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokuzika, na kundi lako la simuni la kutengeneza viti vya magurudumu bado lipo. Tunaanza na hilo kwa sababu wapo waliosema halitamaliza miezi mitatu.

Ulikuwa fundi baiskeli, na wateja walikubandika jina la Subiri, maana ndilo jibu walilopata kila walipoulizia kazi yao. Lakini mgeni akiingia kundini na kutuma picha ya kiti kilichovunjika, hukumsubirisha. Ulirekodi sauti ukiwa na skrubu mdomoni, ukasikika kama mtu aliyetoka kung'olewa jino: "Karibu, mama, kiti tumekiona. Nani anakaa karibu naye?" Kabla chai haijapoa, mtu ameshajitokeza na spana yake. Mama alinung'unika kwamba wageni unawajibu haraka kuliko yeye, nawe ulicheka tu.

Hukuwa malaika. Ile Jumamosi uliyowaita watu wote na viti vyao uani kwetu, uliamuru magurudumu yote yang'olewe kwanza. Viti kumi na saba, na hakuna aliyeweka alama. Ilichukua wiki mbili kujua lipi la nani, na dada yako, ambaye ametembelea kiti tangu utotoni, alikuwa amekaa kitandani akikutukana kwa simu. Kundini watu walianza kutafuta wa kulaumiwa. Ukaandika: "Mwenye kosa ni mimi. Nani ana wazo?" Mshona nguo mmoja, ambaye hakuwahi kufungua hata nati, akashauri kila gurudumu lifungwe kipande cha kitambaa cha mwenyewe. Mpaka leo tunafanya hivyo.

Hukung'ang'ania uongozi. Kila mwezi ulikuwa na kiongozi wake, na aliyelalamika kwa sauti kubwa ndiye aliyepewa mwezi unaofuata. "Mlalamikaji ana macho," ulisema. "Mpeni kazi." Wengi walinyamaza ghafla. Waliobaki wakilalamika walitufaa sana.

Sasa sikia yaliyotokea baada yako. Siku ya mazishi, bwana mmoja mwenye suti alimvuta Mama pembeni akaomba simu yako. Alisema kundi linahitaji mwenyekiti wa kudumu, naye yuko tayari kujitolea. Shangazi alimsikia. Akasogeza kiti chake katikati yao akamwambia, "Bwana, wewe umekuja kuzika au kuchukua?"

Bwana yule akaenda kuanzisha kundi lake, lenye makatibu wanne na mhuri. Huko viongozi tu ndio wanaoandika, wengine wanasoma. Limekaa kimya, Baba. Mwenye kiti kilichokatika breki atasomaje salamu za mwenyekiti, aridhike?

Wiki iliyopita alituletea barua, eti kumbukumbu hii ndiyo nafasi nzuri ya kumkabidhi kundi. Tunakiri kwamba ilituumiza kwa sababu ilitugusa sisi pia. Mwanao mkubwa alishapiga kifua kwamba kama ni kurithi, basi arithi yeye, damu yako. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Baba yako hakukuachia kundi. Amekuachia spana. Nenda kazini." Alinuna siku nzima. Kesho yake alikuwa barabarani akitafuta nyumba ya mtu aliyetuma picha.

Kwa hiyo jibu letu, bwana mwenye suti, tunalitoa hadharani ili usitumie nauli tena. Kundi hatutakukabidhi wewe, wala hatutajikabidhi wenyewe, kwa sababu halikuwa la Baba na si letu. Ukitaka, njoo Jumamosi kama watu wengine. Kuna kiti cha mtoto kinachohitaji beringi mbili, na hakuna aliyekichukua bado.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anakukasirikia kwa kutangulia; dada yako; wanao watatu na wakwe zako; wajukuu; na watu wa kundi, ambao wengi wao hukuwahi kuwaona uso kwa uso. Tumekulilia vya kutosha, Baba. Kukusahau hatuwezi, na hatutajaribu.