Masaa Tisa ya Brussels na Neno Nililorudi Nalo

Umbilo, Durban
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Salvator,

Habari za huko, kaka? Mnaendeleaje wewe na wifi Joséphine? Mgongo wake umepoa, au bado anabeba vitu vizito kwa ubishi? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baridi ya Durban imeingia, baridi ya uongo ambayo nyinyi wa Ulaya mngeicheka, ila mimi nimejifunga vitenge viwili. Shemeji yako Audace anakusalimu sana. Yuko na lori lake bandarini, na foleni ya makontena ikirefuka analala humo humo ndani.

Usishtuke kuona karatasi. Simu iko, najua. Lakini kwenye simu unacheka sana, kaka, na nyuma yako watu hawakosi, na nyuma yangu yupo Mama. Kwa hiyo nimempa Sébastien wa kanisani kwetu akuletee mkononi, maana anasafiri kuja huko wiki hii. Isome ukiwa peke yako. Ikibidi ingia bafuni ufunge mlango.

Kwanza asante kwa kunipokea. Mwambie wifi chakula kile sijakisahau, na wale ndagala, dagaa wa ziwa letu, sijui aliwapata wapi kwenye nchi ya baridi namna ile.

Sasa acha niseme, maana nikinyamaza tena nitapasuka. Nilipokuwa narudi kutoka Kanada, kwenye ile harusi ya binamu yetu Inès uliyokosa likizo ya kuja, ilikuwepo ndege ya kuunganisha haraka haraka. Niliikataa. Nikachagua ile ya kungoja Brussels masaa tisa, nikahangaikia viza ya kunitoa nje ya uwanja wa ndege, vidole vikapigwa alama kama vya mwizi. Audace aliniona nimerukwa na akili. Wenzangu wa kanisani walidhani nataka kupiga picha kwenye ule uwanja wenu wenye majumba ya dhahabu. Wapi! Mimi nilitaka masaa tisa na wewe tu, kwa sababu nilikuwa na neno kuhusu Mama ambalo sikutaka kulisema kwenye simu.

Nilipokuona pale mlangoni na mvi zako nililia, uliniona. Nikasema moyoni, tutatafuta benchi, tutanunua kahawa, nitamwambia. Kumbe nje kuna magari matatu yananingoja, na Désiré, rais wa chama chenu cha Warundi, amevaa suti asubuhi yote ile!

Ukumbi umekodiwa, viti vimepangwa, kreti za bia na Fanta zimejaa mpaka mlangoni. Na unatujua sisi. Mtu wa kwetu hafungui chupa mpaka mtu asimame aseme neno. Désiré akasimama, akasema atakuwa mfupi. Eish, kaka. Alianzia mwaka alioingia Ubelgiji. Akaja mama wa kwaya, naye mfupi. Akaja jirani wetu wa zamani wa Bwiza kule Bujumbura, anayenikumbuka nikiwa na meno mawili, naye mfupi vile vile. Mimi naangalia saa ya ukutani mpaka shingo inauma, huku natabasamu kama bibi harusi. Nilikuwa nawachukia wote, Mungu anisamehe, na walikuwa wamekuja kwa upendo.

Nilijaribu, kaka. Nilikuvuta mkono mpaka jikoni, tukakuta wanawake na masufuria, wifi akanipa kijiko nionje mchuzi. Nikakuita tena kwenye korido, ukaniambia nisubiri, nijibu hotuba kwanza, si vizuri mgeni kunyamaza. Nikajibu hotuba. Nilishukuru mpaka waliokaanga sambusa. Halafu yule jirani wa Bwiza akauliza Mama anaendeleaje. Nikafungua mdomo, ukanitangulia. Ukawaambia Mama ni mzima kama chuma, anakula, anaimba. Watu wakapiga makofi. Ningekukatiza vipi mbele yao, na wewe ni mkubwa wangu?

Garini nilibanwa katikati ya Désiré na mkewe, bado wananihutubia. Pale uwanjani ukanikumbatia, ukasema, "Mwambie Mama Noeli nakuja." Kila mwaka ni Noeli hiyo hiyo. Nikajibu sawa. Nikapita kwenye mashine ya ukaguzi na viatu mkononi, nikafika getini, nakaa nasimama, nakaa nasimama, mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama naumwa.

Tangu nirudi situlii. Blandina, yule Mtanzania jirani yetu wa chini, aliniuliza Brussels ikoje, nikamwambia ni mji wenye viti vingi. Sare za shule za watu zimelala kwenye cherehani. Nashona mkono mmoja, nainuka. Nashona kola, nainuka.

Neno lenyewe ni hili. Mama si mzima kama chuma. Mwili ndiyo, kichwa hapana. Januari daktari alituambia ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba haurudi nyuma. Nilikuwa nakuambia yuko vizuri kwa sababu yeye mwenyewe alinikataza nisikuhangaishe. Siku hizi hakumbuki hata kwamba alinikataza.

Nilipokuwa safarini alitoka nje. Audace alikuwa anaoga. Blandina alimkuta kwenye robot, zile taa za magari za Umbilo Road, na kikapu chake, anangoja basi la kwenda sokoni Bujumbura. Magari yanapiga honi, yeye anayapungia mkono yapite. Hakukubali kurudi mpaka Blandina alipomdanganya kwamba basi la leo limeshaondoka. Tangu nirudi ufunguo wa geti nauvaa shingoni, na hata sasa naandika huku namchungulia.

Juzi nilitoka jikoni na chai yake. Akanyanyuka kwenye kiti, akanipisha, akaniambia kwa heshima zote, "Karibu mgeni, kaa upumzike. Umetoka mbali?" Nikamwambia nimetoka hapo jikoni, Mama. Akanipa pole ya safari. Nilikunywa ile chai mimi, kaka, maana sikuweza kumpa tena. Naishi naye chumba kwa chumba na amenikaribisha mgeni.

Wewe bado umo kichwani mwake. Sijui kwa nini wewe na si mimi, na nimeona wivu, nakuambia ukweli. Kila asubuhi anakugombeza. Salvator hajafunga mlango, mbu wanaingia. Salvator anakula kama anayekimbizwa. Salvator amechafua shati la kanisani, leo atanikoma. Anakutafuta mpaka chini ya meza na kandambili mkononi.

Msalimie wifi Joséphine, mwambie asiinue masufuria yale peke yake. Msalimie Désiré na mkewe, wema wao nimeuona, usiwaambie niliyoyaandika. Jirani wa Bwiza naye mpe salamu, na asimhadithie mtu tena meno yangu. Blandina anakusalimu ingawa hakujui.

Usingoje Noeli, kaka. Sisemi kwamba Noeli utamkuta amekufa. Utamkuta hai, mzima wa mwili, na atanyanyuka akupishe kiti, akuulize umetoka mbali. Mimi nimeshaulizwa, najua inavyouma. Njoo sasa, angali anajua kukugombeza.

Mungu akutangulie njiani na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Estella