Mahali pa Kulala Mama

Wifi yangu Wakesho,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako naijua, ulinililia juzi kwenye simu hadi salio likaisha. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uingereza imenipasua midomo. Naandika kwa sababu kwenye simu tutalia tena sote wawili na la maana halitasemwa.

Nilivyoelewa ni hivi. Mama alitoka alfajiri na karai lake, akakutwa njiani akienda ufukweni Sori kununua omena, dagaa wa ziwani, biashara aliyoiacha kabla wewe hujaolewa kwetu. Ukamleta alale kwako asije akapotea. Kaka yangu Otieno akagoma: mama halali nyumba ya mwanawe aliyeoa, italeta chira, ule mkosi wa kuvunja mwiko. Sasa Otieno analala jikoni, Mama anakuita mwizi wa karai, nawe unataka kurudi kwenu Taita. Ningekuwa wewe, ningeshaondoka.

Lakini usimlaumu sana. Hata yeye hawezi kwenda kulala kwa Mama, mwanamume mwenye boma lake hafanyi hivyo, na mkewe vilevile. Wajukuu ndio hulala kwa dani, bibi yao, kama sisi zamani, na wenu wako shule ya bweni.

Hapa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, tuna bibi mmoja, mwalimu wa zamani, mwenye dimenshia, ugonjwa wa kusahau, kama Mama. Kila mchana anavaa koti aende kwao, mamake anamngoja. Ukimwambia mamake alikufa, analia kama msiba ni wa leo. Kwa hiyo hatumwambii. Tunakaa naye kwenye benchi nje, ananieleza njia ya kwao, na chai ikija amesahau safari. Basi Mama akishika karai, usimnyang'anye. Muulize omena leo ni bei gani. Mwagie omena kiasi kwenye gunia azichambue, mikono yake bado inajua.

Na ile siku wanaotunza wagonjwa wa kusahau wanapokutana zahanati, nenda, hata kama ni kusinzia tu kwenye kiti. Otieno akae na mamake. Kukaa naye mchana hakuna mwiko, asijifanye.

Mimi ni binti ambaye hajaolewa, na Krismasi mlinicheka mpaka mkachoka. Haya, leo kuna faida: naweza kulala nyumba ya Mama na hakuna mzee atakayekohoa. Nimewaambia wakubwa wangu naacha kazi. Nitafika kabla hamjavuna mahindi. Hadi hapo Mama alale kwako na Otieno avumilie jiko. Nimemwambia mwenyewe, akanuna, akakubali. Wewe nakuomba unisubiri, wifi. Usiende.

Nisalimie mchungaji aliyemrudisha Mama kwa baiskeli, na shangazi anayekuletea maziwa. Yule jirani anayeimba chira kila asubuhi msalimie pia, lakini kidogo.

Naogopa jambo moja. Nitakaposimama mlangoni, Mama hatanijua. Usimwambie huyu ni Adhiambo, wala usimsumbue akumbuke. Mwambie kuna mgeni amefika, hana pa kulala. Mama hajawahi kumfukuza mgeni.

Wifi yako,
Adhiambo